Kete Arobaini

Jirani yetu alikuwa akitembea siku za bamvua na kupumzika siku za maji mafu, ingawa kutoka mlangoni kwake bahari haionekani wala haisikiki. Infermera, nesi wa posto ya afya, alimwambia atembee kila siku, kwa sababu ya sukari, na kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Akaitikia kwa adabu, ndiyo mama, ndiyo mama, na infermera mwenyewe ni mdogo kuliko binti yake. Tulipotoka nje akaniambia, "Kila siku? Hata bahari haiendi kila siku."

Kwake yeye mwezi ulikuwa na siku za kutoka na siku za kukaa. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali na wanawake wanashuka na vikapu vyao kuchimba chaza na kuchokoa pweza. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati ya hapo maji yanalala tu, hayaendi popote, na mwanamke anayeshuka pwani siku hizo anachekwa mpaka na watoto. Tulipohamishiwa huku Quitunda, kwenye nyumba za bloku zilizopangwa mistari kama madawati ya shule, pwani yetu ilibaki upande wa pili wa uzio wa kampuni ya gesi. Yeye hesabu ya maji akaja nayo. Siku za bamvua tunatembea. Siku za maji mafu anakaa barazani, amejipaka msiro mweupe usoni, na ukimwuliza mbona leo hutoki anakushangaa: "Niende wapi na maji yamekufa?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea naye. Jina lake sitaliandika. Watu wazima walimwita Jirani na sisi tulimwita bibi. Naandika habari zake kwenye daftari hili kwa sababu nimejaribu mara mbili kumweleza mama, na mara zote mbili nikaishia kuuliza kama chumvi ipo.

Tulianza nikiwa na miaka kumi na tano. Mama alinituma nimsindikize posto nikamtafsirie, maana infermera ni mtu wa kusini na anasema Kireno tu. Infermera akauliza, nani atatembea naye? Peke yake ataacha, wote wanaacha. Nikatafsiri huku natazama sakafu. Jirani akanishika bega. "Mwambie nitatembea na huyu. Mwambie huyu naye ni mgonjwa, anaumwa haya." Hiyo sikuitafsiri. Infermera akangoja, nikamwambia, anasema asante.

Ni kweli naumwa haya. Nikiitwa ubaoni sauti inakwenda. Saa ya mazoezi shuleni nilikuwa najificha nyuma ya darasa la mwisho mpaka wenzangu wamalize kukimbia, kwa sababu nikikimbia natembea kama bata na wavulana wanajua kuniiga vizuri sana. Yeye aliniita mwali, kama msichana aliyewekwa ndani wakati wa unyago. "Ulitolewa lini unyagoni, mwali? Mbona naona bado umo ndani?" Basi tulikubaliana hivi: mimi nitamtembeza yeye, na yeye atanitoa ndani mimi.

Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mkondo. Fimbo yake ilikuwa kile chuma chake cha kuchimbia chaza, kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa chembamba katikati. Wiki ya kwanza tulipohamia hapa aliingia nyumba isiyo yake, akakaa, akafungua kitambaa cha kichwa, akaita aletewe maji. Mwenye nyumba, kijana ambaye hakumjua, akamletea. Akanywa, akatazama huku na huku, akasema, "Viti hivi umevitoa wapi?" Kijana akasema, "Ni vyangu, bibi." Akajifunga kitambaa chake taratibu. "Basi ni vizuri," akasema, akatoka. Tangu siku hiyo alichora samaki kwa mkaa juu ya mlango wake, na kila mvua ikimfuta anamchora tena.

Sukari aliambiwa aache. Mimi alinikataza biskuti ("mtu wa mbio hali takataka"), akanipimia mihogo kwa kiganja, akaniuliza kila asubuhi nimekula nini jana. Lakini nyuma ya pipa la maji alikuwa na sukari yake kwenye chupa ya dawa, na chai yake ilikuwa inanata kijikoni. Nilipomkuta alisema, "Chai bila sukari ni maji ya kuoshea vikombe. Na wewe hukuona kitu." Kutembea hakukosa hata bamvua moja kwa mwaka mzima, ila kwenda arusini mistari mitatu kutoka kwetu alimwita kaka yangu aje na pikipiki. Nikamwuliza, si ulisema hutaki tena kubebwa? Akasema, "Pikipiki naipanda mwenyewe. Mgongo wa mtu unapandishwa."

Hilo la mgongo ndilo lililokuwa ndani ya mambo yake yote, kwa hiyo bora nilieleze.

Ile siku watu walipowakimbia wenye bunduki, kila mtu anajua siku gani, Jirani hakuweza. Alipiga hatua kidogo, magoti yakakataa, akakaa mchangani na kuwaambia wanawe wamwache. Mkwe wake, mume wa binti yake, alikuwa fundi cherehani, na alikuwa amebeba cherehani yake kichwani kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Akaishusha. Akamwinamia mama mkwe wake, akambeba mgongoni, akaenda naye mpaka jua lilipochwa. Cherehani ilibaki pale.

Kwetu mtu na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja anashika pembeni. Jirani alikuwa hajawahi hata kupiga mwayo mbele ya mwanamume yule. Na sasa alikuwa amemshika shingo, kifua chake kwenye mgongo wake, jasho lao moja. Aliniambia njia nzima alifumba macho. "Alikuwa ananiomba radhi, mwali. Mtu ananiokoa, anahema kama punda, na kila kilima anasema, nisamehe mama. Mimi sikumjibu. Ningemjibu nini?" Mkwe yule sasa analima Pundanhar. Hana cherehani tena. Akija kusalimia, Jirani anaingia chumbani na kuongea naye kupitia pazia.

Kwa hiyo lengo lake halikuwa kupungua, ingawa infermera alimpima uzito kila mwezi na kumwandikia kwenye kadi. Lengo lilikuwa watu wakikimbia tena, akimbie kwa miguu yake. Na kipimo chake kilikuwa pwani: sio ile ya zamani iliyozibwa, bali hii nyingine ambako wanawake wa huku wanakwenda sasa, wengine kwa gari, wengine kwa miguu. "Anayefika bamvua kwa miguu yake," alisema, "huyo hata mkikimbia mtakuwa naye."

Kaka yangu alipima njia kwa pikipiki yake, akasema kutoka nyumba ya mwisho mpaka kwenye maji ni sawa na mistari arobaini ya nyumba zetu. Jirani akasema, basi arobaini.

Tulihesabu kwa kete, simbi ndogo za pwani. Zamani pwani yao walihesabu vikapu hivyo hivyo: kikapu kikijaa chaza, kete moja inaingia chunguni, na kikapu kisichojaa hakipati kete hata kama aliyekichimba ana mimba ya miezi minane. Alikuwa na mfuko mzima wa kete za ujana wake. Mfuko nilibeba mimi, yeye alibeba kopo la maziwa. Kila tukimaliza mstari mmoja natia kete moja kwenye kopo, inalia, tunageuka. Siku ya kwanza zililia tatu. Tulirudi akaketi kwenye ngazi, akazimwaga kwenye kapulana, kanga yake ya kiunoni, akazihesabu kwa kidole mbili mbili kama kwamba zingeweza kuwa nyingine. "Tatu," akasema. "Mtoto wa kutambaa anazidi hapo." Lakini bamvua iliyofuata zilikuwa sita.

Tulikuwa tunatoka kukishapambazuka, maana kabla ya hapo askari hawapendi kuona mtu njiani. Tulikuwa hatuongei sana. Yeye alikuwa anahema na mimi ndivyo nilivyo. Ila nikilegea ananigonga kisigino kwa kile chuma, na akilegea yeye mimi natikisa mfuko wa kete. Ilifika mahali asubuhi za maji mafu naamka mwenyewe, nasimama uani, sina pa kwenda.

Na haki yangu alinitimizia. Mwalimu wa mazoezi alisema asiyekimbia raundi tano za kampo, uwanja wa mpira, bila kusimama hapati alama. Sikumwambia Jirani siku gani, lakini mama alimwambia. Nilipofika kampo nilimkuta amekwisha kukaa kwenye nguzo ya goli, ametandika kapulana, kopo mbele yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakimbia. Nilipopita raundi ya kwanza akatia kete na kusema kwa ile sauti yake, "Moja." Watu wakacheka. "Mbili." Wakacheka zaidi, mvulana mmoja akaanza kutembea kama bata. Ya tatu baadhi walikuwa wakihesabu pamoja naye, sijui kwa kejeli au vipi. Raundi ya tano, zimebaki hatua kama kumi kufika golini, tumbo likanikata, nikasimama na kuinama.

Mwalimu akasema, "Basi, imetosha. Tano."

Jirani aliinua kete juu. "Mwalimu, hii haijatimia."

"Bibi, ni hatua kidogo tu."

"Ndiyo. Na hizo kidogo hajazitembea."

Nilimchukia, naandika ukweli, kwa muda ule nilimchukia. Nikatembea zile hatua kumi huku nalia na makamasi yananitoka. Kete ikalia kwenye kopo. Mwalimu akaandika. Tukirudi nyumbani hakunisemesha mpaka tulipofika kwenye mstari wetu, ndipo akasema, "Ningekuachia leo, usiku ungelala ukijua hukumaliza. Na wale wanaocheka wangekuwa na haki. Mguu hauongopi, mwali. Mdomo ndio unaongopa."

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Aliendelea kupanda mpaka thelathini. Hapo akakwama. Bamvua ya kwanza thelathini, ya pili thelathini, ya tatu ishirini na tisa. Miguu ilikuwa inavimba, na nyayo, alisema, ni kama amevaa soksi ambazo hawezi kuzivua. Infermera alimwambia avae viatu vya kufunika vidole na atazame nyayo zake kila jioni. Viatu hakuwa navyo vya kumtosha, na kuinama mpaka kwenye nyayo hakuweza. Mimi ningeweza kumtazamia. Hakuniomba, na mimi niliona aibu kumshika miguu.

Asubuhi moja tulirudi baada ya mistari ishirini na saba. Alikaa kwenye ngazi, akajifuta uso kwa ncha ya kapulana, nikadhani ni jasho. Kisha nikaona mabega. Alikuwa analia bila sauti, yeye mwenye sauti ile. Akasema, si kwangu bali kwa mlango, "Basi nitabebwa."

Akageuka upande kuegemeza chuma chake ukutani. Kopo lilikuwa sakafuni kati yetu. Mfuko ulikuwa mkononi mwangu. Nikatia nne, taratibu, mojamoja, nimeziba mdomo wa kopo kwa kiganja zisilie.

"Hesabu, bibi," nikamwambia. "Mimi naona leo ni nyingi."

Akazimwaga. Akahesabu. Akahesabu tena, akaweka mkono kifuani na kucheka. "Thelathini na moja. Na mimi nimekaa hapa nalia kama bibi arusi. Kumbe nilichoka bure."

Nilisema ni siku hiyo tu. Lakini bamvua iliyofuata alitoka anatembea kama mtu mwingine, akafika kweli thelathini, zile zile thelathini zake za zamani, na usoni mwake nikaona kwamba anangoja thelathini na mbili. Nikaongeza. Baadaye nikaongeza tena. Hesabu ya kweli niliiandika nyuma ya daftari hili, na ukurasa huo upo: haikupita thelathini hata mara moja. Hesabu ya kopo ilikwenda thelathini na tano, thelathini na nane. Asubuhi kopo lilipotimiza arobaini alipika wali wa nazi na kuita mstari mzima. Wanawake walinishika kichwa, wakasema mtoto huyu ana baraka, amemtembeza mwenzake mpaka amempa miguu. Mama alilia kidogo. Nilikula wali ule. Ulikuwa mzuri.

Jirani akatangaza kwamba bamvua ijayo anakwenda pwani.

Zilikuwapo siku saba za maji mafu katikati. Kila siku nilipita mlangoni kwake. Siku moja nilifika mpaka ndani, nikasimama, akaniuliza, "Nini, mwali?" Nikasema mama anaomba ungo. Nikapewa ungo.

Asubuhi yenyewe nilisikia chuma chake kikigonga saruji ya ngazi yetu. Nilikuwa macho. Nikajifunika kapulana mpaka kichwani, na mama alipokuja nikamwambia nina homa. Sikuwa na homa. Nilifikiri nisipokwenda na yeye hatakwenda, hivyo ndivyo nilivyofikiri, au hivyo ndivyo nilivyojiambia kuwa nafikiri.

"Mwali, twende," alisema nje. "Maji hayangoji."

"Ana homa leo," mama akamjibu.

Nikasikia chuma kikigonga mara moja.

"Basi mwache alale. Nitamletea pweza. Nipe mfuko wa kete, nitahesabu mwenyewe."

Wanawake wanaokwenda kwa miguu walikuwa wamekusanyika mwisho wa mtaa, na walimngoja kwa muda. Baadaye walieleza kwamba yeye mwenyewe aliwaambia watangulie: "Nendeni, mnatembea kama mnadaiwa. Mimi njia yangu naijua ni arobaini."

Kaka yangu, akipeleka abiria kwa pikipiki, alimkuta saa tano, jua limeshakuwa kali. Jirani alikuwa amekaa kando ya njia, kopo pajani. Akamwambia kaka, "Napumzika tu. Nina hesabu hapa." Kaka akaona damu kwenye mchanga. Kisiki cha kichaka kilichofyekwa kilikuwa kimepenya ndara yake na kuingia kwenye unyayo, na alikuwa ametembea nacho, haijulikani kutoka wapi. Hakuwa na habari. Kaka ndiye aliyemwonyesha. Aliutazama mguu wake, kaka anasema, kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani.

Nilikwenda kumwona kesho yake. Alikuwa ameufunga na kipande cha kitambaa na kuuficha chini ya kapulana. "Homa imeisha?" akaniuliza. Nikasema imeisha. "Pweza sikukuletea," akasema. "Nilihesabu vibaya siku ile, nadhani. Au njia ilikuwa ndefu. Au nimezeeka." Alinitazama. Ilikuwa nafasi yangu, mlango wazi kabisa. Nikamwuliza kama nimchotee maji.

Posto hakutaka kwenda. Alijua watamkataza kutembea. Alikaa na kidonda siku nyingi, anafukiza ubani chumbani ili harufu isisikike, na alipokubali kupelekwa kidole kilikuwa kimekuwa cheusi. Infermera akasema apelekwe hospitali kubwa ya mji wa Pemba, leo. Gari lilipopatikana hakuweza kusimama, na wanawake watatu walishindwa kumwinua. Mkwe wake alikuwa amefika asubuhi kutoka Pundanhar. Alivua kofia, akaingia, na akatoka naye mikononi. Jirani alikuwa amejifunika kapulana uso mzima. Nilikuwa dirishani kwetu, nyuma ya pazia. Nilimsikia mkwe akisema, "Nisamehe, mama."

Alirudi bila mguu wa kushoto, kutoka chini ya goti.

Kwa bamvua tatu sikwenda kwake. Nilikuwa nikienda shule kwa kuzunguka nyuma ya mistari, njia ndefu, kila siku. Jambo moja nililifanya. Nilimwomba kaka anionyeshe mahali alipomkuta, na nikarudi kutoka pale kwa miguu nikihesabu hatua, kisha nikahesabu hatua za mstari mmoja wa nyumba. Nikarudia mara tatu ili niwe na hakika.

Ijumaa moja mama aliniambia kesho mkwe anamchukua Jirani akaishi na binti yake Pundanhar, maana hapa hawezi tena kukaa peke yake. Pundanhar ni bara. Hakuna maji ya kupwa wala ya kujaa. Nikaenda kwake baada ya kurudi kutoka shule.

Alikuwa amekaa kitandani, amepungua sana. Ule uzito infermera alioutaka ulikuwa umeondoka wenyewe. Kopo lilikuwa kwenye kidirisha. Akasema, "Mwali ametoka ndani."

Nilisimama. Nikasema yote kwa mkupuo, nimetazama kopo, kama ninavyosoma ubaoni nikilazimishwa. Kwamba nilikuwa natia kete. Kwamba hazikupita thelathini. Kwamba siku ile sikuwa na homa.

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Lete kopo," akasema.

Nikampa. Hakulifungua. Alilishika tu kwa mikono miwili.

"Thelathini."

"Ndiyo, bibi."

"Basi miguu yangu haikuniongopea. Ilikuwa inaniambia thelathini, na mimi naigombeza." Akaligeuza kopo. "Kwenye kampo, nilipokataa kete yako, ulinichukia?"

"Ndiyo."

"Ulinichukia, na ukamaliza." Alisema hivyo tu, na mimi niliona afadhali angenipiga.

Nikamwambia lile lililobaki, kwamba nimepima njia. Akainua macho. "Nilifika ngapi siku ile?"

"Thelathini na nne."

"Umeongeza."

"Sikuongeza."

"Apa."

"Wallahi, bibi. Nimepima mara tatu."

Akafikiri. "Na kisiki mguuni," akasema polepole. "Basi zile nne ni zangu." Akafungua kopo, akaingiza mkono, akatoa kete nne, akazifunga kwenye pindo la kapulana yake. Zilizobaki alinirudishia na kopo lake.

Kisha akasema, "Kesho bamvua inafika kileleni. Gari langu linakuja mchana. Wewe kukishapambazuka uende pwani kwa miguu yako. Wanasema kuna mwamba unaotoka bamvua ikiwa kubwa, mbali huko, wanawake wanasimama juu yake. Mimi nilitaka kuuona huo. Nenda ukaangalie umetoka au haukutoka, urudi uniambie kabla sijaondoka. Usiongeze."

Nilikwenda. Sehemu nyingine nilikimbia, natembea kama bata, hakuna aliyenicheka, wanawake walikuwa wameshatangulia. Ni mistari arobaini kweli. Upepo ulikuwa unavuma kutoka bahari kuu na maji hayakurudi nyuma sana. Niliuliza wanawake kuhusu mwamba, wakaninyooshea kidole mahali palipokuwa na maji tu. Nikangoja mpaka yalipoanza kujaa, ndipo nikageuka.

Niliporudi gari lilikuwa mlangoni na virago vimepakiwa. Mkwe wake alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, anatazama chini. Jirani alikuwa amekaa kwenye ngazi, juu yake yule samaki wa mkaa, nusu amefutika. Uso wake ulikuwa wazi.

"Mwamba?" akaniuliza.

"Haukutoka, bibi."

"Hata kichwa?"

"Hata kichwa. Palikuwa na maji tu."

Alinitazama mpaka nikaona vigumu kusimama, lakini safari hii sikutazama chini.

"Haya," akasema. Kisha akamgeukia mkwe wake na kumnyooshea mikono.